Maswali na Majibu: Ngome ya Corfe asubuhi, baa ya kijiji mchana

Hali ya hewa ikianza kupata joto, wasomaji wetu waishio Uingereza hutuuliza sana kuhusu matembezi ya siku moja. Safari hii wengi wameulizia mahali pamoja: Corfe Castle, kijiji cha Dorset karibu na pwani ya kusini, chenye magofu ya ngome juu ya kilima na baa kadhaa chini yake. Haya ndiyo maswali yaliyojirudia zaidi.

Tunakaa London na hatuna gari. Tutafikaje?

Pandeni treni ya Weymouth kutoka Waterloo, mshuke Wareham. Ni safari ya saa mbili na kitu, bila kubadilisha treni. Nje ya stesheni pandeni basi namba 40 liendalo Swanage. Hupita Corfe katikati ya kijiji. Kabla ya kununua tiketi angalieni ratiba ya basi ya siku hiyohiyo, hasa Jumapili na majira ya baridi, mabasi yanapopungua.

Kama mna watoto, nunueni kadi ya punguzo ya Family & Friends. Watu wazima hadi wanne hupunguziwa theluthi moja ya nauli, na watoto wa miaka 5 hadi 15 hupunguziwa asilimia 60. Sharti awepo angalau mtoto mmoja safarini. Walio chini ya miaka 5 hawalipi.

Treni ya mvuke mnayoiona kwenye picha ni ya reli ya Swanage, inayotoka Norden kupitia Corfe hadi Swanage ufukweni. Hiyo ni starehe ya alasiri, msiitegemee kuwatoa London.

Tunakuja na gari. Tuegeshe wapi?

Norden, kaskazini mwa kijiji, kuna maegesho makubwa. Kutoka hapo mnaweza kutembea au kupanda treni ya mvuke kituo kimoja. National Trust, shirika linalomiliki ngome, lina maegesho yake chini ya kilima, na wanachama hawalipii. Barabara ya A351 kutoka Wareham hujaa kuanzia saa nne asubuhi siku za jua, kwa hiyo tokeni mapema.

Tule kwanza au tupande kwanza?

Pandeni kwanza, na mjue saa ya jiko kabla ya kitu kingine chochote. Hapa ndipo siku nyingi huharibika. Baa ya Uingereza inaweza kuwa wazi mchana kutwa huku jiko lake likifanya kazi kwa muda wa saa mbili na nusu tu. Kwa kawaida chakula cha mchana huanza saa sita na maagizo hufungwa saa nane au saa nane na nusu. Ukitokea saa tisa na watoto wenye njaa, utauziwa bia na pakiti ya krispi. Baa nyingine hupika bila kusimama, lakini thibitisheni kwa simu.

Mpango unaofaa ni huu: fikeni ngome inapofunguliwa, zungukeni kwa saa moja na nusu hivi, teremkeni mkae mezani saa sita na nusu. Jumapili lazima mweke nafasi, kwa kuwa ndiyo siku ya nyama ya kuokwa na viazi, na wenyeji huja familia nzima. Ukifanya kinyume, ukala kwanza sahani ya nyama ya ng'ombe, viazi vya kuokwa, mboga tatu na mchuzi mzito, ule mwinuko wa ngome utaujutia. Baada ya kula, tembeeni West Hill, kilima cha jirani upande wa magharibi. Huko ndiko zinakopigwa zile picha za ngome nzima.

Watoto wanaruhusiwa baa? Kwetu ingekuwa aibu.

Wanaruhusiwa wakiwa na mtu mzima. Baa ya kijiji mchana ni mahali pa familia. Utakuta viti vya watoto wachanga na menyu yao. Kila mwenye baa ana kanuni zake, wengine hawataki watoto karibu na kaunta au baada ya saa fulani ya jioni, basi ulizeni mlangoni. Bustani ya nyuma ndiyo salama zaidi kwa wanaopenda kukimbia. The Greyhound, iliyo uwanjani pa kijiji, ina bustani inayotazama ngome. Zimo pia The Fox na Bankes Arms, na hiyo ya mwisho ina jina la familia tutakayoitaja hapa chini.

Sisi ni Waislamu. Kuna tunachoweza kula?

Kipo, ila msiangalie jina la chakula peke yake. Nyama halali ni nadra sana katika baa za vijijini, basi hesabuni kuku na ng'ombe kuwa vimetoka. Soseji ni kitimoto isipoandikwa vingine. Samaki na chipsi ndiyo kimbilio la wengi, na penyewe pana mitego mitatu: unga wa kumpakia samaki mara nyingi huchanganywa na bia, mafuta ya kukaangia huenda yametumika kwa soseji, na baadhi ya majiko hukaanga kwa mafuta ya ng'ombe. Ulizeni yote matatu. Swali halimshangazi mhudumu, maana kila jiko lazima liweze kueleza viambato 14 vya mzio, na watu huuliza mambo ya namna hiyo kutwa.

Vyenye usalama zaidi ni kiazi kikubwa kilichookwa na ganda lake, pamoja na maharage, jibini au jodari. Sandwichi ya kaa, pwani iko karibu. Au sahani ya mkate, jibini na achari, mkisema wasiweke nyama ya nguruwe. Viazi vya Jumapili huokwa mara nyingine kwa mafuta ya bata bukini. Kwenye vitamutamu, jihadharini na trifle, ambayo huwekwa mvinyo.

Vinywaji navyo: "cider" Uingereza ni kilevi cha tufaha, mara nyingi asilimia 4.5 na kuendelea, na watoto wasipewe kwa kudhaniwa juisi. Shandy ni bia iliyochanganywa na soda, bado ni bia. Soda ya ndimu ni nafuu na haina shaka.

Kama baa yenyewe haiwakalii vizuri, mkahawa wa National Trust uko karibu kabisa na lango la ngome, na una chai na skonzi.

Tulikaa mezani nusu saa bila mtu kuja. Tulibaguliwa?

Huenda hamkubaguliwa. Baa nyingi hazina mhudumu wa kuchukua oda mezani. Tafuteni meza, someni namba iliyobandikwa, kisha mmoja wenu aende kaunta, ataje namba, aagize na alipe papo hapo. Chakula kitaletwa.

Kaunta haina foleni ya kuonekana kwa macho, lakini kila mtu anajua nani amemtangulia. Simama, mtazame muuzaji, ngoja. Kupiga mluzi, kuita "psii" au kupunga noti ni njia ya uhakika ya kuhudumiwa wa mwisho. Tipu kaunta si lazima. Ukipenda, mwambie muuzaji achukue na kinywaji chake kimoja kwenye bili yako. Mkihudumiwa mezani, asilimia 10 inatosha, ila angalieni kwanza kama haijaingizwa kwenye bili.

Wanywaji wasisubiri kuulizwa "baridi au ya moto". Bia ya kienyeji inayovutwa kwa mpini huhifadhiwa kwenye nyuzi 11 hadi 13 hivi. Haijaharibika, ndivyo inavyotakiwa. Painti ni mililita 568, na dereva aishie kwenye soda.

Ngome yenyewe imebomolewa na nani? Tutazame nini?

Imebomolewa kwa makusudi, na ukilijua hilo unaacha kuona mawe matupu. Kilima kinaziba pengo kati ya vilima vya Purbeck, kwa hiyo aliyekishika alidhibiti njia. Mwaka 978 mfalme kijana Edward aliuawa Corfe. Wanormani, wavamizi kutoka Ufaransa, walianza kujenga ngome baada ya kuiteka Uingereza mwaka 1066, na mnara mkuu ulisimama mwanzoni mwa karne ya 12, enzi ya Henry I. Mfalme John akaongeza makao ya fahari na kuitumia ngome kama gereza.

Katika vita vya mfalme na Bunge, Mary Bankes aliilinda ngome ya mumewe dhidi ya jeshi la Bunge mwaka 1643, kwa wiki sita hivi. Wanawake na watumishi walimwaga mawe na makaa ya moto kutoka ukutani, na maadui wakaondoka. Ilianguka mwanzoni mwa 1646 kwa usaliti: ofisa wa ndani aliwaingiza askari wa Bunge, akidai ni msaada. Bunge likaamuru ivunjwe ili isitumike tena.

Anzeni kwenye lango la kusini-magharibi. Walichimba chini ya misingi na kutega baruti. Nusu moja ya lango iliteleza chini ya mteremko ikiwa imesimama, na ufa kati yake na nusu nyingine unapita katikati ya njia yenu. Kisha pandeni hadi mnara mkuu, muone ukuta ulivyoegemea. Mkirudi kijijini, tazameni kuta za nyumba: mawe mengi ya ngome yaliishia humo.

Inafanana na Fort Jesus?

Kwa shughuli, ndiyo. Kwa umbo, hapana. Corfe ilijengwa kabla ya mizinga, ndiyo maana kuta zake ni ndefu na zimepanda juu: hofu ilikuwa ngazi na mishale. Fort Jesus ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno 1593 hadi 1596, ni pana na nene, na pembe zake zimechomoza ili walinzi wapige risasi sambamba na ukuta.

Mama yangu anatumia mkongojo, na tuna mtoto wa kigari.

Kigari kiacheni, mbebeni mtoto mgongoni. Njia ni ya mwinuko, yenye mawe yasiyo sawa, na nyasi zikilowa huteleza. Mama anaweza kufika uwanja wa chini taratibu. Akichoka, uwanja wa kijiji una mandhari nzuri ya ngome.

Mvua ikinyesha je?

Mvua si tatizo kama mna viatu vyenye meno. Upepo ndio tatizo: ukizidi, National Trust hufunga ngome kwa usalama. Angalieni tovuti yao asubuhi kabla ya kutoka. Ikifungwa mkiwa mmeshafika, pandeni treni ya mvuke hadi Swanage na mbaki na meza yenu ya saa sita na nusu.