Ukienda kuangalia ndege Quabbin wakati wa baridi, anza na miguu

Mara ya kwanza kwenda Quabbin, lile bwawa lenye misitu huku Massachusetts linalowapa watu wa Boston maji ya kunywa, nilivaa raba. Raba jamani, mwezi wa kwanza! Dakika 20 tu vidole sivisikii, nikakimbilia kwenye gari sijaona hata unyoya. Kwa hiyo kabla hujanunua darubini tafuta buti zenye nafasi ya kutosha soksi mbili nzito, manake buti ikibana hizo soksi hazisaidii kitu, na hapa hutembei ukapata joto, kazi ni kusimama.

Kusimama ndiyo mchezo wenyewe. Ukizungukazunguka msituni unaponda theluji kwa kelele, ndege wanakusikia kabla hujawaona. Mimi napaki Enfield Lookout, pale juu pa kutazamia bwawa (Enfield wenyewe ulikuwa mji, ukavunjwa 1938 wakajaza maji), napitisha darubini kwenye barafu polepole natafuta kitu cheusi. Mara nyingi ni mzoga wa kulungu, na kunguru wameuzunguka. Sasa wale kunguru wakiruka wote kwa pamoja achana nao, angalia juu, tai anashuka.

Tai wa huku ukimwona utadhani furukombe, yule tai mla samaki wa Naivasha, kapata viza, kichwa cheupe vilevile, ila kifua chake ni cha kahawia na ni mkubwa zaidi. Kulia sasa, we acha tu, furukombe akiita ziwa zima linajua, huyu jitu zima anatoa kisauti cha kifaranga. Halafu usitafute kichwa cheupe peke yake, wadogo wana rangi ya kahawia mwili mzima mpaka wafike kama miaka 5, mimi msimu mzima nilikuwa nawapita nikidhani ni mwewe. Hawa wa hapa walirudishwa, kati ya 1982 na 1988 waliletwa makinda 41 wakalelewa kwenye vizimba juu ya minara, na 1989 ndo wakaanza kulea vifaranga wao wenyewe.

Simu weka ndani ya koti karibu na mwili, baridi inakula chaji vibaya. Usipumulie lenzi, ukungu wake hautoki haraka. Mbwa abaki nyumbani, hawaruhusiwi. Na chai ya tangawizi beba chupa kubwa, ile ndogo niliimaliza kabla tai wa kwanza hajatokea.