Kutangaza nyumba kabla haijaingia sokoni rasmi

Ndugu, umeuliza kama dalali aanze kuinadi nyumba yako wiki mbili kabla haijaingia sokoni. Aanze, ila picha za ndani zisitoke kabla rangi haijakauka. Mnunuzi akishaona madoa ya unyevu chini ya dirisha, hata ukiyatengeneza kesho, kichwani mwake hayatoki. Kwa sasa toa picha ya mbele, idadi ya vyumba na tarehe ya kuanza kuonyesha, basi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni dalali kukuletea mteja mmoja mapema na kukuharakisha usaini. Usikubali haraka! Bei hupanda wanunuzi wakigombea, na huyo hana mshindani. Tena huenda dalali anakula kamisheni pande zote mbili. Muulize waziwazi, akujibu kwa maandishi.