Mwanaakiolojia, usitusimulie shimo lako

Jamani nimekaa kwenye mihadhara mingi ya akiolojia huku Malindi na Lamu, nimesimama pia mbele mwenyewe, na kinachotuangusha naona sio woga wala lugha, ni mpangilio. Tunasimulia vile tulivyochimba. Ramani, vipimo vya shimo, tabaka la kwanza, la pili, la tatu, na tukifika kwenye lile jambo watu walilojia mwenyekiti ashaanza kuonyesha saa.

Chukua Shanga, magofu ya mji wa kale kisiwani Pate, alipochimba mwanaakiolojia Mark Horton miaka ya 1980. Mchimbaji lazima aanze juu ashuke, hana njia nyingine. Wewe mbele ya watu geuza. Anza chini kabisa, karne ya 8, na kijisikiti cha miti ambacho kimebaki alama za nguzo tu kwenye udongo, kisha kikajengwa kingine juu yake, na kingine, mpaka ukafika msikiti wa matumbawe. Hapo hata mtoto wa madrasa anauona mji ukikua, na wewe hujataja neno stratigrafia, yaani elimu ya tabaka za udongo, hata mara moja!

Miaka nayo iegemeze kwenye kitu watu wanakijua. Ukisema tu "karne ya 15" inapita hivi hivi, lakini sema siku Vasco da Gama anatia nanga Malindi 1498, Gedi, ule mji wa magofu karibu na Malindi, palikuwa na watu wanaishi, wanachota maji visimani, uone watu wanavyoinua vichwa.

Slaidi punguza. Picha moja kubwa ya kigae cha chungu inatosha, kile chenye pembetatu zilizokwaruzwa shingoni, halafu nenda pale ukutani uoneshe kwa kidole mkwaruzo unaanzia wapi, alafu nyamaza kidogo watu waangalie. Wamama wanaojua vyungu wataanza kukwambia mambo wenyewe, waache waseme, andika. Na uwe tayari kuongea bila projekta kabisa manake stima huku unaijua.

Kuna swali litakuja tu, liwe uani pa Ngome ya Lamu au darasani Malindi: hii miji walijenga nani, Waarabu ama sisi? Usilikwepe na usijibu kwa hasira. Mimi naenda kwenye ushahidi: vyungu vya hapa hapa tangu tabaka za chini, halafu ule utafiti wa DNA uliotoka kwenye jarida la sayansi la Nature 2023, ambao wengi kati ya waliopimwa walikuwa na asili ya Afrika na ya Asia, hasa Uajemi, kuchanganyika kukianza kama mwaka 1000, upande wa Afrika ukitoka zaidi kwa kina mama. Sema pia waliopimwa ni watu wa makaburi kadhaa tu, sio pwani nzima. Watu wanaheshimu sana mtu anayesema ushahidi wake unaishia wapi.

Hapo hapo kwa makaburi, tafadhali sana, picha ya mifupa usiifungue ghafla. Pengine mzee aliyekaa mbele anawahesabu wale ni babu zake. Muulize mwenyeji wako kabla, na akisema iache, iache.

Mwisho ile slaidi ya "asanteni" itoe, weka ramani ya magofu ibaki ukutani wakati wa maswali, maana watu watataka kuoneshana kwao ni wapi.