Chura wa Kihansi huko Bronx Zoo

Wengi wakimwona yule chura wa njano mdogo kama ukucha wa kidole gumba kwenye Bronx Zoo, bustani ya wanyama ya New York, huuliza kama ni mtoto. Hapana, si mtoto. Ni chura aliyekomaa, chura wa Kihansi kutoka milima ya Udzungwa, Tanzania, na hata jike kubwa halifiki sentimita 3. Watoto wake ni kama milimita 5 na wana rangi ya kijivu iliyokoza, kwa hiyo wengi huwapita wakidhani ni takataka kwenye majani ya kuvumwani. Hatagi: anazaa vyura kamili, hakuna viluwiluwi. Jike lenye mimba likibandika tumbo kwenye kioo unawaona watoto kupitia ngozi. Dume litambue kwa baka jeusi ubavuni karibu na paja.

Ule mvuke unaouona kwenye kizimba chake si mapambo. Chura huyu alitambuliwa mwaka 1996, na aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya Kihansi tu. Bwawa la umeme lilipopunguza maji, manyunyu yakakata. Vyura 499 walipelekwa Marekani mwishoni mwa 2000, na mwaka 2009 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ikatangaza ametoweka porini. Kuwarejesha Kihansi kulianza 2012, lakini ukungu wa ngozi uitwao kitridi bado ni tishio.

Ukienda kuwaona, zima flashi na uangalie chini ya majani.