Vikokotoo vya mtandaoni: maswali yenu ya wiki hii

Maalim, nimetengeneza kikokotoo cha zaka. Mama mdogo akaandika 12,500,000, jibu likatoka kama mtu mwenye shilingi 12. Kasoro iko wapi? (Jang'ombe)

Mkato ndio uliokuponza, mwanangu. Nahisi umetumia parseFloat, amri ya kugeuza maandishi kuwa namba katika JavaScript, lugha ya programu za mtandaoni. Hiyo husoma tarakimu mpaka ikutane na alama isiyoitaka, ikasimama hapo hapo, wala haikwambii kitu. Laki tano iliyoandikwa 500,000 inakuwa mia tano. Futa kwanza mikato na nafasi, hakikisha kilichobaki ni tarakimu tupu, halafu kabla ya hesabu mrudishie mtu kiasi chake kwa maneno: "milioni kumi na mbili na laki tano". Sifuri zikizidi macho hupotea.

Na maadamu ni zaka: nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali kinachowajibisha zaka, kwa dhahabu ni gramu 85, na bei ya dhahabu haikai mahali pamoja. Andika bei uliyotumia na tarehe yake pembeni ya jibu. Asilimia 2.5 nayo ni ya mwaka wa Kiislamu, siku 354 au 355. Wafanyabiashara wanaofunga hesabu Disemba kwa Disemba wengi huelekezwa asilimia 2.577, kwa kuwa mwaka wao ni mrefu zaidi. Weka chaguo zote mbili, usimchagulie mtu.

Pishi moja ya karafuu ni kilo ngapi? Nataka kuiweka kwenye kikokotoo. (Wete)

Usiiweke. Pishi ni kipimo cha ujazo, vibaba vinne, na karafuu mbichi na kavu hazilingani uzito hata zikijaa pishi ileile. Acha nafasi mkulima apime pishi yake mwenyewe kwenye mizani, aingize alichokipata. Frasila ndiyo haina shida: ratili 35, kilo 15.876.

Kikundi chetu cha akina mama kinataka kukopa 1,200,000 kwa miezi 12, asilimia 2 kwa mwezi. Kikokotoo kimoja kinasema tulipe 124,000 kila mwezi, chengine 113,472. Kipi kinatudanganya? (Chake Chake)

Hesabu zote mbili ni sahihi, bibie, ila si mkopo mmoja. Cha kwanza kinatoza asilimia 2 ya mkopo wote wa mwanzo kila mwezi, hata mkibakisha rejesho la mwisho. Hiyo ni 24,000 mara 12, yaani 288,000. Cha pili kinatoza deni lililobaki tu, na riba yote inafika kama 161,660. Tofauti inapita laki moja na ishirini na sita elfu, pesa ya kununulia cherehani iliyotumika.

Lawama yangu iko kwa mtengenezaji aliyeandika "2%" akanyamaza. Asilimia mbili ya nini? Angeweka jedwali la miezi yote 12, deni linavyoshuka, msingehitaji kuniuliza. Nanyi mkiulizie swali hilo hilo kwa mkopeshaji kabla ya kutia saini. Kwa murabaha, yaani kuuziwa kitu kwa bei yake na faida iliyotajwa wazi, faida hupangwa siku ya mkataba, kwa hiyo kikokotoo chake ni kujumlisha na kugawa tu. Anayeiingiza kwenye fomyula ya riba kaharibu.

Nitajuaje kama kikokotoo changu cha mirathi kiko sawa? (Mkoani)

Kijaribu kwa masuala ambayo wanazuoni walishayamaliza. Anza na Mimbariyya, inayosimuliwa kuwa Sayyidna Ali aliulizwa akiwa juu ya mimbari. Mtu amefariki, ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke thumuni (moja ya nane), mabinti thuluthi mbili, wazazi sudusi (moja ya sita) kila mmoja. Kwa mafungu 24 inakuwa 3, 16, 4 na 4. Jumla 27! Mafungu yamezidi mali. Hapo ndipo inapoingia auli, kupunguza mafungu yote kwa uwiano: mali hugawiwa kwa 27, na mke anapata 3 katika 27, moja ya tisa. Kikokotoo chako kikimpa asilimia 12.5, kizime ukakitengeneze.

Mafungu yaweke kama namba nzima, gawa mwishoni. Desimali za kompyuta hazitulii: ukijumlisha 0.1 na 0.2 inakupa 0.30000000000000004. Na kinachobaki kionyeshe. Milioni 10 kwa watoto watatu wa kiume ni 3,333,333 kila mmoja, ibaki shilingi moja. Iandike ibaki, maana warithi wakijumlisha wenyewe ikapungua hata hiyo moja, watakutilia shaka kwenye zote.

Madeni, mazishi na wasia viulizwe mwanzo, kabla ya mafungu. Uamuzi wenyewe si wako wala wa simu. Waelekeze kwa Kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Niombe namba ya simu kabla ya kutoa jibu? (Fuoni)

La. Hesabu inaweza kufanyika ndani ya simu ya mtu bila kutumwa popote, hata bando likimkatikia ukurasa ukishafunguka. Mtu anakokotoa mirathi ya marehemu baba yake, wewe namba yake unaitakia nini?