Kuharibu tuta la mafuriko: faini au jela?
Umeuliza kama anayeharibu bwawa au tuta la kuzuia mafuriko Marekani hupigwa faini tu. Inategemea ameshtakiwa kwa sheria ipi. Ile ya shirikisho ya mwaka 1899, inayolinda matuta yaliyojengwa na serikali, ni nyepesi: faini hadi dola 25,000 kwa siku, au kifungo cha siku 30 hadi mwaka mmoja.

Sheria za majimbo ndizo zenye meno. Julai 1993, Mto Mississippi ukiwa umefurika, tuta la West Quincy, Missouri, lilipasuka na maji yakameza mashamba, zaidi ya ekari 14,000. Hakufa mtu. Kijana wa miaka 23 alisema alisogeza mifuko michache ya mchanga kuziba sehemu dhaifu. Waendesha mashtaka wakasema aliitoa makusudi, ili mkewe akwame ng'ambo ya mto. Wakatumia sheria ya jimbo ya mwaka 1979 ya kusababisha maafa kwa makusudi, akahukumiwa kifungo cha maisha. Hukumu ilitenguliwa, kesi ikarudiwa 1998, akatiwa hatiani tena.

Kinachoniuma ni kwamba wataalamu wa udongo walitoa ushahidi kuwa tuta lile huenda lingepasuka lenyewe, maana lilikuwa limelowa kwa wiki kadhaa. Kwangu mimi hiyo ni shaka ya kutosha. Anayebomoa kusudi afungwe, sawa, lakini kwanza ithibitishwe ni mkono wake uliolibomoa, si mto.