Mavi ya kunguru kwenye boneti: nilivyoiuza IST yangu ikiwa na rangi yake ya kiwandani

Wiki iliyopita nimeuza gari yangu, ile Toyota IST nyeusi ambayo wengi mlikuwa mnaiona imepaki mbele ya duka langu la vitenge hapa Mtwara mjini, na nimeiuza kwa bei niliyoitaka mwenyewe. Mnunuzi alitoka Masasi na jamaa yake anayejua magari, wakawasha tochi za simu wakaizunguka, wakainama, wakalaza jicho pembeni ya boneti kutafuta kama kuna sehemu imerudiwa rangi, wakagonga gonga kwa kucha kutafuta puti, ile ya kuzibia mabonde ya bati, mwisho yule jamaa akaniuliza, "Dada, boneti hii ulipiga rangi lini?" Nikamwambia haijawahi kupigwa, ni ile iliyotoka nayo Japani. Akarudi kukagua tena. Hakuamini, maana anajua gari nyeusi inayolala nje huku pwani inaishia wapi, klia, lile tabaka la juu linalong'aa, inababuka juu ya paa na boneti inajaa madoa ya mavi ya kunguru utadhani ina mba.

Tangu siku hiyo nimeulizwa sana na watu dawa niliyokuwa natumia ni ipi. Hakuna dawa ya siri. Ila kuna mambo nimejifunza kwa uchungu na leo nayasema yote, kwa sababu najua wewe unayesoma hapa lengo lako ni kama langu, umeingia kwenye gari ndogo kwa jasho, unataka siku ukiiuza ikusogeze kwenye kubwa, Harrier ama Prado, sio ikutoke kwa bei ya kutupa eti kwa sababu rangi imekufa.

Mi nimepanga Shangani, na nyumba yetu ina mwembe mkubwa uani. Kipindi cha kaskazi, kuanzia Novemba hivi mpaka Machi, jua la Mtwara halina huruma, kwa hiyo kila mtu anakimbilia kivuli, na kivuli kizuri kiko chini ya mwembe ama mkungu. Na juu ya hiyo hiyo miti ndo kunguru wanalala. Kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu asili yao ni India, waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wasaidie kula takataka, wakazaliana wakasambaa pwani, jioni wanarudi kulala kwa makundi makubwa na wanachokula ni kila kitu, utumbo wa samaki, kaa, wali wa jana. Msimu wa maembe ukiingia popo nao wanakuja usiku, na mavi ya popo ni ya kahawia yana nyuzi za matunda ndani na yanaganda vibaya sana. Wenye mikorosho karibu na nyumba mnajua mabibo yakiiva inakuwaje.

Sasa kilichonitokea. Tulipata msiba Lindi, upande wa mama, nikapanda basi nikaiacha gari uani. Kurudi boneti nzima ni nyeupe. Nikaipeleka sehemu ya kuosha magari, sitaitaja, kijana akaja na kitambaa kikavu, akaanza kusugua palepale kabla hata hajamwaga tone la maji, namwambia mwanangu weka maji kwanza, ananijibu mama hii ndo kazi yetu. Alipomaliza boneti ilikuwa na michirizi ya duara duara kila mahali, na katikati ya michirizi madoa yamebaki vilevile, unaona kabisa umbo la kila tone lililoanguka.

Nikaenda kwa fundi rangi. Huyu ndo aliniumiza zaidi. Aliangalia toka mbali, hakushika hata kwa kidole, akasema boneti imekufa, ipigwe rangi yote na fenda zote mbili ili zifanane, akataja hela ambayo kwa wakati ule ilikuwa ni mtaji wangu wa mzigo mzima wa vitenge. Nikamuuliza hakuna njia nyingine? Akawageukia wenzake wakacheka, akaniambia, "Mama, mambo ya gari haya mwachie shemeji." Nimeolewa na mtu mwema ila gari ile nilinunua mimi, kwa hela ya duka langu, na maneno yale mpaka leo nikiyakumbuka kifua kinabana. Niliondoka pale nalia kwenye usukani.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja fundi wa zamani, jirani ya shangazi yangu, sa hivi hafanyi tena kazi kwa sababu ya macho. Alipitisha kiganja kwenye boneti taratibu akasema, "Mwanangu, rangi yako haijaguswa, iliyoumia ni klia." Akakaa na mimi akanieleza na ndo maelezo ninayowapa hapa.

Gari nyingi tunazoziona zina tabaka, bati, praima ya kushikia rangi, rangi yenyewe, halafu juu kuna klia, ile inayong'aa haina rangi. Hiyo klia ya kiwandani ni nyembamba, kwenye mikroni 40 mpaka 50 hivi, yani kama nusu ya unene wa karatasi ya fotokopi. Ndo ngao yako yote hiyo. Ndege naye hakojoi kivyake kama sisi, ile sehemu nyeupe ya mavi yake ndo mkojo, umetoka mzito kama uji, una asidi ya yuriki ndani, na asidi hiyo haiyeyuki kirahisi kwenye maji, ndo maana ukimwagia kikombe kimoja ukaondoka unakuta pamebaki vilevile.

Lakini asidi peke yake isingefanya ubaya wote ule. Mshirika wake ni jua. Bati jeusi saa saba mchana linaweza kupita nyuzi 60, klia ikipata joto inalainika na kutanuka, jioni ikipoa inajikaza, na ikijikaza huku kuna tonge la mavi limekauka juu yake inajikaza kwa kufuata umbo la lile tonge. Ukija kulitoa kesho yake unakuta pamefifia, mwanga haurudi sawa na pembeni. Kwa hiyo unachokiita doa mara nyingi ni klia iliyobadilika umbo, na sabuni ya aina yoyote haitoi kitu hicho. Nilipoelewa hapo tu nikaacha kutafuta dawa nikaanza kutafuta muda. Mavi ya asubuhi yakitoka kabla ya jua kali hayaachi alama. Yakipita mchana mzima juani hapo unabahatisha.

Kutoa kwenyewe ni hivi. Maji kwanza, mengi, safi, sio ya chumvi. Kuna visima vya huku maji yake yana chumvi na yakikauka juani yanaacha madoa yake meupe, na wale wanaoosha gari kwa maji ya bahari kule ufukweni sina la kuwaambia zaidi ya kwamba bati litawajibu. Mavi yakiwa mabichi mwagia tu na uyanyanyue kwa kitambaa laini kilicholowa. Yakiwa yamekauka, chukua kitambaa cha maikrofaiba au hata tishu nyingi, lowesha kwenye maji ya vuguvugu yenye shampuu ya gari kidogo, kilaze juu ya doa, kiache dakika 5 mpaka 10, kikianza kukauka ongeza maji. Halafu nyanyua kwa kubana na kuvuta juu, usisugue, usizungushe. Kunguru anakula mpaka magamba ya kaa, humo ndani kuna mchanga na vipande vigumu na mbegu, ukizungusha mkono unachora mwenyewe. Bado hayajatoka? Rudia kulowesha. Subira ni bei rahisi kuliko fundi.

Na ukiwa unalowesha unajilinda na wewe pia, manake vumbi la mavi makavu ya ndege linaweza kubeba vimelea vinavyoshambulia mapafu, kwa hiyo kukwangua yakiwa makavu ukiwa umeinama na pua juu yake sio jambo la kufanya, wala usimtume mtoto akafanye.

Vitu ambavyo watu wananitumia kila siku na navikataa: ndimu na siki, hiyo ni asidi unaongeza juu ya asidi. Sabuni ya unga ya kufulia, inamaliza nta yote iliyokuwa inakulinda. Dizeli na mafuta ya taa, gari inang'aa jioni moja, keshokutwa imenasa vumbi lote la barabara ya Newala. Stili waya siitaji kwa sababu naamini hamfanyi, lakini nimeona kwa macho yangu mtu anafanya.

Kwa alama iliyokwisha kuingia, kama yangu, mzee aliniambia jaribu kucha. Pitisha kucha taratibu, kama hainasi basi kuna matumaini, unatafuta polishi ya kukata iliyo laini kabisa, unapaka kidogo kwenye kitambaa, unasugua kwa mkono sehemu ile ile tu, gari iko kivulini na bati ni la baridi, unafuta, unaangalia, unarudia. Kucha ikinasa hiyo ni kazi ya fundi mwenye msasa wa maji namba 2000 au 3000 na mashine, na umpate fundi anayeshika gari kabla hajataja bei. Kumbuka kila ukipiga polishi ya kukata unapunguza klia, na klia hairudi, kwa hiyo wale wanaopiga kila mwezi ili gari ing'ae wanaimaliza wenyewe. Boneti yangu nilihangaika nayo mwenyewe jioni kwa jioni, nimeinama mpaka mgongo unauma, shemeji zangu wanapita wananiambia unaipenda gari kuliko watu, nikawaacha waseme. Ilirudi. Sio yote, kuna alama moja karibu na waipa iligoma, lakini yule jamaa wa Masasi na tochi yake hakuiona.

Baada ya hapo nikawa mkali kwenye kuzuia. Nta, hiyo ndo ya kwanza. Wengine mnaita waksi. Haizuii ndege na haizuii asidi milele, inakununulia muda tu, lakini muda ndo kitu unachokihitaji. Paka gari ikiwa safi na iko kivulini, na kwa jua letu na chumvi ya upepo wa bahari usitegemee maneno ya kwenye kopo eti inakaa mwaka. Mwagia maji juu ya boneti uangalie, yakijikusanya kwenye matone ya mviringo bado ipo, yakilala bapa yakatandaa imekwisha, paka tena.

Ya pili, maegesho. Mwembe wetu watu walinishauri ukatwe na nikakataa, mwembe una haki zaidi ya gari na watoto wa nyumba nzima wanakula pale. Nilichofanya ni kuongea na mwenye nyumba, mzee wangu yule Mungu amuweke, akaniruhusu kusimamisha nguzo za mikoko na paa la makuti pembeni ya ukuta. Gharama yake haifiki hata robo ya ile aliyotaja fundi. Makuti yanapitisha hewa, bati halichemki, mavi yanaishia juu. Kama huna nafasi ya banda basi usipaki chini ya waya wa umeme wala chini ya tawi ambalo ardhi yake chini tayari ni nyeupe, angalia chini kabla hujazima gari, ardhi inakuambia.

Kava la gari wengi mnaliuliza. Kava ni zuri ukilifunika juu ya gari safi na ukilifunga lisipepee. Kipindi cha kusi upepo unalichezesha, na kama kuna mchanga chini yake linasaga klia usiku kucha. Turubai la plastiki ndo kabisa usiweke, linafungia joto na unyevu.

Na ndani ya gari kaa na chupa ya maji ya kunyunyizia na vitambaa viwili, kimoja cha kulowesha kimoja cha kukausha. Mi nilikuwa natoka benki nakuta tone moja kwenye mlango, nalimaliza palepale mbele ya watu. Dada zangu hasa naongea na nyie, msikubali kuambiwa haya ni mambo ya shemeji. Gari umenunua wewe, ishike wewe, ijue rangi yake kama unavyojua daftari lako la madeni, na mtu akikuambia imekufa muulize ameishika wapi. Hela ya kupiga rangi boneti ambayo haikuhitaji rangi ni ada ya mtoto hiyo. Na unapopeleka kuoshwa simama hapo hapo, sema maji kwanza, sema kwa upole lakini usiondoke mpaka umeona maji.

Mmoja kaniuliza kuhusu kioo cha mbele. Kioo hakiliwi na asidi kama klia ila usiwashe waipa juu ya mavi makavu, inayapaka kioo kizima na mchanga wake unachora. Mwagia maji toka kwenye chupa yako, subiri, toa kwa mkono, halafu nyanyua waipa upitishe kitambaa kilicholowa kwenye mpira wake, manake kipande kikinasa pale kitaendelea kuchora kioo kila mvua ikinyesha.